Kitanda cha saiprasi, bangili ya mpingo: hesabu ya mbao na ngozi

Anayetafuta kitanda Soni, kwenye milima ya Usambara, huanza na bei ya mbao, na hapo saiprasi na mgrivea hushinda. Saiprasi hupandwa kwenye shamba la miti la Shume, mgrivea kwenye mipaka ya mashamba ya watu. Mninga na mvule hutoka tambarare, kwa hiyo unalipia ubao pamoja na usafiri wa kuupandisha kona zote kutoka Mombo. Mpingo si mbao ya kitanda kabisa. Mti huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia kuvunwa, na kwa kawaida huishia kwenye vinyago, bangili na vyombo vya muziki.

Lakini kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti: ngozi. Kiini cheusi cha mpingo kina dalbegioni, kemikali za jamii ya flavonoidi ambazo mti hujitengenezea wenyewe. Mwili wa mtu ukishazikataa, mguso mdogo tu huleta mwasho, upele, pengine malengelenge. Dalili huchelewa siku moja au mbili, ndiyo maana wengi huishia kulaumu sabuni. Anayeumia zaidi ni fundi anayepiga msasa, maana vumbi huganda kwenye jasho la shingo na mikono. Kwa mnunuzi, hatari iko kwenye kinachokaa mwilini: bangili, mkufu, na filimbi ya mpingo inayogusa midomo.

Msidhani mbao nyingine ni malaika. Mvule una klorofori, mkangazi una antothekoli, mtiki una deoksilapakoli. Si flavonoidi, ila nazo huwasha. Hata mgrivea wa bei nafuu una grevilo, na mafundi wengine hutoka vipele kwa vumbi lake. Kwa fundi, barakoa, shati la mikono mirefu na kunawa kabla ya kula ni gharama ndogo kuliko kupoteza wiki ya kazi. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani.

Kwenye vinyago kuna kichekesho kidogo. Mti mweupe uliopakwa kiwi nyeusi ya viatu huuzwa kama mpingo. Hauna dalbegioni, ingawa pesa yako imekwenda. Mpingo halisi ni mzito mno na huzama majini. Kwangua kidogo chini ya kinyago uone rangi ya ndani.

Kwa kitanda, ningechukua saiprasi iliyokauka vizuri na kupakwa vanishi kila upande, hata mvunguni. Vanishi huziba mbao isiguse ngozi. Kwa zawadi ya mpingo, mwenye ngozi inayochagua anunue kinyago cha kuweka kabatini, bangili aiache dukani.