Gitaa likinyamaza, si lazima pikapu imeungua

Msikilizaji, Jumamosi moja nilikuwa katika ukumbi wa dansi ambao sitautaja jina. Watu wamelipa kiingilio, bendi ndiyo kwanza imeshika moto, mara gitaa la solo likakoroma mara mbili, likanyamaza. Dansi likaendelea kwa rithimu na besi, yaani mchuzi bila chumvi. Siku tatu baadaye mpiga solo akaniambia kwamba fundi amemhakikishia pikapu zote tatu zimeungua, na bei ya nyingine inakaribia pato lake la mwezi mzima. Alikwisha kuanza kukopa.

Mimi si fundi, lakini nimekaa studio miaka mingi, na waya uliokatika naufahamu. Tukalifungua gitaa mezani. Pikapu zilikuwa nzima. Nati ya tundu la kuchomekea waya ililegea, tundu likawa linazunguka kila linapochomekwa, hata kiwaya cha ndani, kisichozidi urefu wa kidole, kikang'oka mahali kilipolehemiwa. Kukirudisha hakukuchukua robo saa.

Wengi huliogopa gitaa hili kwa sababu ya hilo neno "umeme". Hofu hiyo ndiyo mtaji wa mafundi wajanja. Ndani ya gitaa la kawaida hamna umeme wa ukutani, na mara nyingi hamna hata betri. Pikapu, wala sisemi gari, ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huzaa umeme kidogo mno, ambao hupita kwenye swichi na vifungo vya sauti, ukatokea tunduni, ukaenda kwenye amplifaya. Likinyamaza, fuata njia hiyo.

Anza na waya wa nje, maana ndio unaokanyagwa kila usiku. Ukiwa mzima, washa amplifaya kwa sauti ya chini, kisha gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi. Ile inayotoa mlio ni nzima. Na kama zote zimenyamaza, je, yaelekea kweli vitu vitatu vife dakika moja? Kosa liko pale njia zao zinapokutana: swichi, kifungo cha sauti, au tundu. Mwenye mita ya fundi redio apime pikapu yenyewe baada ya kuitenga na waya zingine. Yenye koili moja husoma takriban kilo-omu 6. Mita isiposoma kitu, hapo ndipo uamini kuwa waya wa ndani umekatika.

Kifungo kinachokwaruza sauti kinapozungushwa kina vumbi tu. Kipulizie dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ukizungushe huku na huku mara ishirini. Kiungo kilicholehemiwa vibaya utakijua kwa rangi: kimefifia kama majivu. Kipashe moto upya, uongeze risasi kidogo, usikitikise mpaka kigande.

Nani alisema kazi hii ni ya wateule? Leo Fender alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alitoa gitaa aliloliita Broadcaster, yaani Mtangazaji (jina ambalo sisi wa redio tungelipenda libaki, lakini likageuzwa kuwa Telecaster). Mwaka 1954 akatoa Stratocaster. Shingo aliifunga kwa skrubu tu, ili ikiharibika ing'olewe iwekwe nyingine.

Kuhusu kuliboresha gitaa, ushauri wangu ni kutokimbilia pikapu mpya. Anza na nyuzi mpya na kuzipima. Piga uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya 12, ulinganishe na ule mlio mwembamba wa kuugusa tu hapo hapo. Uliobanwa ukiwa juu zaidi, sogeza kidaraja cha uzi huo nyuma. Ukiwa chini, kisogeze mbele. Magitaa mengi yanayosemwa "hayafai" yana kasoro hiyo tu. Freti zilizolika mwachie fundi mwenye mkono wake, kwani chuma ukishakisaga hakirudi.

Amplifaya ni habari nyingine kabisa. Usiifungue. Zile za valvu huweza kuhifadhi mamia ya volti ndani ya kapasita hata baada ya kuchomolewa ukutani. Na kuna lile ninaloliona kumbi nyingi: waya mbili zimechomekwa ukutani kwa njiti za kiberiti, wa tatu, ule wa ethi, umekunjwa nyuma. Nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi hiyo kupitia amplifaya. Ethi ikikosekana na kitu kikivuja, mkono ulioshika nyuzi na mdomo uliogusa kipaza sauti huwa daraja la umeme. Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani huko Swansea, Wales, mwaka 1972. Aligusa kipaza sauti kisichokuwa na ethi. Ukihisi mwasho mdomoni, weka gitaa chini, ukazime umeme ukutani kabla ya kugusa kitu kingine.