Rasimu za Unguja Mbele ya Wahakiki wa Kamusi Elezo

Mtu aliyekulia Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, aghalabu anaweza kueleza kwa saa nzima, bila ya kufungua kitabu, habari za mizimu ya mji wake: mahali ilipo, watu wanaoiangalia, na miiko inayofuatwa hapo. Maarifa hayo ni ya thamani, na huenda hayajaandikwa popote. Lakini akiyaandika na kuyapeleka kwenye kamusi elezo ya Wikipedia ya lugha ya Kiingereza, yamkini baada ya wiki kadhaa atarudishiwa rasimu yake pamoja na maneno machache kwamba haikupokelewa kwa kukosa vyanzo. Wengi wapatao jibu hilo huona wamedharauliwa, wakaiacha kazi hapo hapo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini rasimu hurudishwa, na jinsi mgeni wa kazi hii anavyoweza kusaidiwa ili ya kwake ipokelewe.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Huandikwa na watu wa kujitolea, nao hawalipwi na kamusi elezo yenyewe. Toleo la Kiingereza sasa lina makala zaidi ya milioni 7. La Kiswahili limekwisha kupita makala 80,000. Hapo mwanzo mtu yeyote, hata asiyejiandikisha, aliweza kufungua ukurasa mpya katika toleo la Kiingereza. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba habari za uzushi juu ya mwandishi wa habari wa Kimarekani, John Seigenthaler, zilikuwa zimekaa humo kwa miezi kadhaa bila ya kusahihishwa. Desemba ya mwaka huo wasiojiandikisha walizuiwa kufungua kurasa mpya. Tangu 2018 mlango umezidi kuwa mwembamba: akaunti hapana budi iwe na umri wa siku 4 na masahihisho yasiyopungua 10 kabla ya mwenyewe kuruhusiwa kufungua makala moja kwa moja. Asiyetimiza masharti hayo huandika rasimu katika sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo tangu 2013, akabonyeza kitufe cha kuiwasilisha, kisha akangoja mhakiki, ambaye naye ni mtu wa kujitolea, apate nafasi ya kuisoma.

Mhakiki huyo hutazama nini? Hatazami kwanza kama habari ni ya kweli, wala kama mada ina manufaa kwa taifa. Hutazama kama watu wasiohusika na mada yenyewe wamekwisha kuandika juu yake kwa kirefu katika vitabu, majarida au magazeti yanayoaminika. Yeye aghalabu yuko mbali, hajapata kufika Unguja, na hana njia ya kumwuliza mzee wa Makunduchi. Tanbihi ndiyo njia yake ya pekee ya kupima.

Jambo hili huwatatiza zaidi wasomi kuliko watu wa kawaida. Tangu jarida la Philosophical Transactions lilipoanza kuchapishwa London mwaka 1665, desturi ya majarida ya sayansi imekuwa ni kutaka jambo jipya. Mwalimu wa chuo kikuu amefunzwa hivyo: asiyeleta jipya hana cha kuchapisha. Kamusi elezo huenda kinyume kabisa. Jambo jipya hulikataa, ikaliita utafiti asilia, na hutaka lile tu ambalo limekwisha kuchapishwa kwingine. Ndiyo maana si ajabu kuona rasimu ya mtaalamu, iliyojaa matokeo ya uchunguzi wake mwenyewe, ikirudishwa, na ile fupi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ikipokelewa.

Chui wa Unguja

Hapana mfano unaoonyesha mambo haya vizuri zaidi kuliko ule wa chui wa Unguja. Mnyama huyu alielezwa kisayansi mwaka 1932 na R. I. Pocock, aliyempa jina la adersi kwa heshima ya Dakta Aders, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika serikali ya Zanzibar. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo na ya karibu karibu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulifanywa kampeni ya kuwaua, na kufikia miaka ya 1990 watafiti waliona hapakuwa na matumaini makubwa kwamba amesalia.

Wakati huo huo wananchi wengi wa mashamba walikuwa na elimu yao juu ya chui: kwamba wako wanaofugwa na wachawi, hutumwa usiku kutia watu hofu, na hutambulikana kwa mwendo wao. Mtu wa Unguja Kusini angeiandika elimu hiyo kama alivyoisikia kwa babu yake, mhakiki angemrudishia bila ya kusita. Lakini mwaka 1997 wanaanthropolojia wawili, Helle Goldman na Martin Walsh, walitoa ripoti ya uchunguzi wao juu ya imani na desturi zilizohatarisha maisha ya mnyama huyo, ikatokea katika mfululizo wa nyaraka za kitaalamu za misitu za Zanzibar kwenyewe. Tangu hapo masimulizi yale yale ya wazee yakawa na mahali pa kutajwa. Yeyote anaweza kuandika kwamba wanakijiji wengi huamini hivi na hivi, akaweka tanbihi, na sentensi ikasimama.

Msomaji atazame namna sentensi hiyo inavyoundwa. Kamusi elezo haisemi kwamba wachawi hufuga chui, wala haisemi kwamba wananchi wamekosea; husema nani ameamini nini, na nani amelichunguza jambo hilo. Vivyo hivyo kwa picha iliyoonyeshwa mwaka 2018 katika kipindi cha televisheni cha Marekani, ikidaiwa kuwa ni ya chui wa Unguja aliye hai. Mwandishi mzuri huandika kwamba dai limetolewa na kwamba halijathibitishwa, basi. Anayetamani chui awe hai, kama wanavyotamani wengi, hupata taabu kujizuia hapo.

Walioonewa na waliosubirishwa

Isidhaniwe kwamba wahakiki hawakosei. Mnamo Mei 2018 rasimu juu ya mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo vyake havikutosha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Huku Afrika Mashariki, mwaka 2010, ukurasa juu ya Makmende, shujaa wa kubuni katika video ya kikundi cha Just A Band cha Nairobi, ulifutwa zaidi ya mara moja na watu waliodhani ni upuuzi, ingawa Kenya nzima ilikuwa ikimzungumza. Ulibaki baada ya magazeti ya ndani na ya nje kuandika habari zake. Katika visa vyote viwili mada ilikuwa ile ile kabla na baada. Kilichobadilika ni karatasi zilizoweza kuonyeshwa.

Sheria yenyewe ni ya haki. Mzigo wake ndio usiolingana, kwani mtaa mmoja wa London umeandikiwa vitabu vingi kuliko wilaya nzima ya Unguja. Mwaka 2011 ulifanywa mradi India na Afrika ya Kusini wa kurekodi masimulizi ya wazee na kuyatumia kama vyanzo, lakini toleo la Kiingereza halikuifanya njia hiyo kuwa desturi yake.

Kazi ya msaidizi

Msaidizi mwema wa mgeni, kwa hiyo, haanzi na kalamu. Huanza na vitabu. Mgeni hutakiwa kwanza aweke mezani vyanzo viwili au vitatu vilivyoandikwa na watu wasio jamaa wala waajiri wa anayeandikwa. Asipovipata, mada hiyo iwekwe kando na itafutwe nyingine. Ushauri huu ni mchungu, ila huokoa miezi ya kungoja bure.

Siti binti Saad wa Fumba, aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950, ana wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, na sehemu kubwa katika kitabu cha Laura Fair kilichotoka 2001. Mtu akivisoma viwili hivyo anaweza kuandika juu yake bila ya hofu. Juu ya mimea kuna kitabu cha R. O. Williams cha 1949 kuhusu mimea ya Unguja na Pemba. Juu ya wanyama kuna cha Pakenham cha 1984. Juu ya biashara ya karne ya 19 kuna cha Abdul Sheriff cha 1987. Yafaa ieleweke kwamba chanzo si lazima kiwe katika intaneti, wala si lazima kiwe cha Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili kilichopigwa chapa na mchapishaji anayeaminika hukubaliwa, mradi jina la mwandishi, mwaka na ukurasa vitajwe sawasawa.

Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, karibu na Mji Mkongwe, ni hazina kubwa, lakini hutumiwa vibaya na wengi. Barua ya balozi au tangazo katika gazeti la serikali, lililoanza kutolewa 1892, linaweza kuthibitisha tarehe au jina. Haliwezi peke yake kuonyesha kwamba mada inastahili makala, kwa sababu ni chanzo cha awali: hapana mtu wa pili aliyelipima na kulieleza. Hali kadhalika tasnifu za wanafunzi. Ile ya uzamivu hukubaliwa kwa kawaida. Ile ya uzamili hukataliwa isipokuwa imeonyeshwa kwamba wataalamu wengine wameitegemea.

Halafu ni lugha. Rasimu nyingi za visiwani huandikwa kama hotuba ya kumsifu marehemu, au kama karatasi ya kuwavutia watalii: malkia asiye na mfano, fukwe zenye mchanga mweupe kama unga. Maneno hayo yafutwe yote. Sentensi tano kavu, kila moja na tanbihi yake, hushinda kurasa kumi za sifa. Na maneno ya chanzo yasinakiliwe yalivyo, maana hati ya kunakili hulindwa, na ukurasa ulionakiliwa hufutwa upesi kuliko wowote.

Mwandishi aliye mpwa wa mwimbaji, au mwajiriwa wa hoteli anayoiandikia, hana budi kulisema jambo hilo wazi. Anayelipwa amelazimika kutangaza hivyo tangu 2014. Na hapa lipo onyo zito. Mwaka 2015 wahariri waligundua kundi la akaunti 381 za uongo ambalo, miongoni mwa mambo mengine, liliwafuata watu waliokataliwa rasimu zao na kuwadai fedha ili zipitishwe. Akaunti hizo zilifungwa, lakini watu wa namna hiyo hawajaisha. Mhakiki wa kweli haombi malipo. Mtu yeyote anayeandika barua akitaka shilingi au dola kwa ajili ya rasimu ni mwizi, hata akijipa cheo gani.

Rasimu ikirudishwa, isomwe sababu yake. Kurudishwa ili irekebishwe si sawa na kukataliwa moja kwa moja. Ya kwanza inaweza kuwasilishwa tena, na wengi hupita mara ya pili au ya tatu. Isiachwe tu, kwani rasimu isiyoguswa kwa miezi 6 yaweza kufutwa, ingawa mwenyewe akiomba hurudishiwa.

Kwa anayeanza, toleo la Kiswahili ni mahali pazuri zaidi pa kujifunzia. Humo makala mpya huingia moja kwa moja, na wakabidhi huikagua baadaye; makala fupi huitwa mbegu na huachwa ikuzwe na wengine. Masharti ya vyanzo ni yale yale, lakini mhakiki huenda akawa mtu wa Arusha au Mombasa anayejua Fumba ni wapi. Zawadi peke yake hazitoshi kuwavuta watu: kati ya 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, yakaletwa mamia ya makala, na zawadi zilipokwisha kutolewa wengi wa walioshindana hawakuonekana tena. Uchunguzi uliochapishwa 2013 juu ya toleo la Kiingereza ulionyesha kwamba mgeni mwenye nia njema ambaye kazi yake ya kwanza hutupwa huelekea kuondoka moja kwa moja. Siku ya kurudishiwa rasimu, basi, ndiyo siku ya msaidizi kuwa karibu.

Ama habari za mizimu ya Makunduchi, njia yake ni ndefu kidogo. Kwanza zikusanywe kwa wazee kwa ridhaa yao, zitajwe nani amesimulia na lini, kisha zichapishwe na jarida la chuo au la idara inayohusika baada ya kupitiwa na wajuzi wengine. Ripoti ya chui ya 1997 nayo haikuwa kitabu cha kifahari. Ilikuwa waraka wa misitu wa Zanzibar, wenye nambari na mwaka, na kwa tanbihi hiyo inatosha.