Picha ya Kifua Haioni Kila Kitu

Katika mtaa wetu yuko fundi mwashi mmoja, baba wa watoto sita. Asubuhi moja alishikwa na maumivu kifuani, kama mtu aliyewekewa jiwe zito, na jasho baridi likamtoka. Akapelekwa kupigwa picha ile ambayo watu wetu huiita radio. Jibu likatoka: mapafu ni safi. Akashukuru, akarudi nyumbani. Siku ya tatu alirudishwa hospitalini amebebwa, ndipo ikajulikana ya kuwa sehemu ya moyo wake ilikwisha kufa kwa kukosa damu. Yu hai hata leo, lakini hawezi tena kupandisha matofali ukutani.

Je, picha ilidanganya? Hapana. Iliulizwa jambo lisilo kazi yake.

Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Hupita kwa wepesi katika hewa, na kwa shida katika mfupa. Kwa hiyo mapafu huonekana meusi na mbavu nyeupe. Basi ubavu uliovunjika, kichomi, maji yaliyojikusanya kando ya pafu, au pafu lililosinyaa kwa kuwa hewa imevuja nje yake, yote yaweza kuonekana, nayo yote yaweza kuumiza kifua. Lakini moyo katika picha hiyo ni kivuli tu. Ukubwa wake twauona. Mishipa myembamba inayoulisha hatuioni.

Ndiyo maana mganga haanzi na picha. Mgonjwa mwenye maumivu mapya ya kifua hupasa kupimwa umeme wa moyo katika dakika 10 za kwanza tangu afike, kisha damu yake ipimwe, pengine zaidi ya mara moja. Vipimo hivyo si picha, ila ndivyo vimwonyeshavyo mganga picha ipi itafutwe.

Iko mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo mama wengi waijua tangu siku za mimba zao. Hiyo huutazama moyo wenyewe ukipiga: upande usiojikaza vema huonekana, na maji yaliyojaa katika mfuko wa moyo pia. Haina mionzi, tena yabebwa mpaka kitandani. Kama tungeulizwa, tungetaka hiyo kwanza katika kila hospitali, kabla ya mashine za bei kubwa.

Skana ina kazi yake pia. Hukata mwili kwa picha, kipande baada ya kipande, bila kisu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuwaza hesabu zake mwaka 1956, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town. Mgonjwa akitiwa dawa mshipani, skana huonyesha damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, au mshipa mkubwa utokao moyoni ukiwa umechanika ndani. Huu wa mwisho ni hatari mara mbili: maumivu yake hufanana na ya moyo uliokosa damu, lakini dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ziponyazo huku, zaweza kuua kule.

Na mishipa ile myembamba ya moyo? Mwaka 1929 mganga kijana Mjerumani, Werner Forssmann, alijipenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono mpaka moyoni, akatembea kwa miguu kwenda chumba cha mionzi apigwe picha. Wakubwa wake hawakufurahi. Siku hizi mrija hupitishwa katika kifundo cha mkono au kinena, dawa ikamwagwa, na palipoziba pakaonekana. Mara nyingi hufunguliwa papo hapo. Lakini nyama ya moyo iliyokosa damu hufa kwa saa, wala si kwa siku.

Majuzi fundi wetu alituonyesha ile picha ya kwanza, aliyoihifadhi chini ya godoro. Tuliiinua dirishani, kwenye mwanga. Mapafu yake, kweli, ni safi.