MAJI YALIYOKULA MABOMBA

Bomba la maji hulala chini ya ardhi, wala hapana aonaye ndani yake. Maji mengine ni makali: hula chuma, na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo katika mabomba ya zamani. Kwa hiyo mafundi huyatia dawa iitwayo fosfeti, ambayo hufanya utando mwembamba ndani ya bomba.

Mji wa Flint, katika jimbo la Michigan huko Marekani, ulikuwa na mabomba ya namna hiyo. Mji ulipokosa fedha, Gavana wa jimbo aliweka msimamizi mwenye mamlaka kupita baraza lililochaguliwa na wenyeji. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji uliacha maji ya Detroit ukateka ya Mto Flint. Dawa haikutiwa, wala idara ya jimbo haikulazimisha itiwe.

Utando ukabanduka. Wenyeji walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba ya mwaka huo kiwanda cha General Motors kiliyaacha, kwa kuwa yalikula vyuma vya injini. Watu waliendelea kuyanywa. Mwaka 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi imezidi katika damu ya watoto, nayo hudhuru ubongo. Oktoba 2015 maji ya Detroit yalirudishwa.

Fundi huijua dawa, lakini kuitia au kutoitia ni shauri la wenye mamlaka. Huko Flint, aliyekata shauri la kubadili maji hakuchaguliwa na walioyanywa.