Unga Mweupe Usio na Jina

Wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili mmeniuliza sana kuhusu lile zoezi la maabara ambapo unapewa kichupa cha unga mweupe chenye namba tu, halafu unaambiwa useme ni kitu gani. Basi nitawaeleza kwa unga wangu mwenyewe, maana ulikaribia kuniangusha.

Sisi tuliofanya KCSE tusijidharau, mwanzo wake tunaujua. Nilichoma kidogo kwenye kijiko, ukatoa mwali wa njano wenye masizi: dalili ya pete ya benzini. Nikautia kwenye sodiamu haidrojeni kaboneti, ile ile ya kuumulia mandazi, ukatoa povu: asidi. Kwenye orodha tuliyopewa zikabaki nne tu: ya benzoiki inayoyeyuka kwa nyuzi 122 za Selisiasi, ya sinamiki 133, aspirini karibu 135, na ya salisiliki 159.

Hapo haraka ikaingia. Nilikuwa nawahi treni ya kurudi Seven Hills, nikapima fuwele kabla hazijakauka. Zikaanza kulainika kwa 126, zikaisha kuyeyuka kwa 130. Nikasema, aa, 122 si mbali, andika benzoiki twende zetu. Msaidizi wa maabara akaniuliza swali moja tu: uchafu hupandisha au hushusha?

Jamani, hili lishikeni. Uchafu, hata maji yaliyobakia, hushusha kiwango cha kuyeyuka na kukitanua. Fuwele safi huyeyuka ndani ya nyuzi moja au mbili. Zangu zilichukua nne. Kwa hiyo jibu lilikuwa juu ya nilichopima, si chini. Benzoiki ilishakufa zamani, mimi ndiye nilikuwa bado naililia.

Nikazikausha vizuri, nikarudia: 132 hadi 133. Salisiliki nayo ikatoka. Lakini sinamiki na aspirini zimeachana kwa nyuzi mbili tu, na kipimajoto cha wanafunzi usikiamini kiasi hicho. Nikachukua pamanganeti ya potasiamu, rafiki yetu wa tangu sekondari. Rangi ya zambarau ikapotea, ukabaki utando wa kahawia. Maana yake kuna bondi maradufu, na sinamiki inayo nje ya pete, aspirini haina. (Jina lake latokana na mdalasini. Ile harufu ya chai ya nyumbani ni ya aldehaidi yake, ambayo ikikaa hewani hugeuka kuwa asidi hii.)

Ila pamanganeti si shahidi wa peke yake, kwani vitu vingi huifisha rangi. Kilichonitosheleza ni hila ya zamani: changanya unga wako na ule unaojulikana, saga pamoja, pima tena. Kama ni kitu kimoja, kiwango hakisogei. Nilipochanganya na sinamiki ya stoo, 133 ile ile. Nilipochanganya na aspirini, vikaanza kulowa mapema sana, vyote viwili, ingawa kila kimoja peke yake hungoja hadi 130 na kitu.

Siku hizi mashine ya infraredi ingenionyesha tofauti kwa dakika chache: aspirini ina vilele viwili vya kabonili, mmoja wa esta na mmoja wa asidi, sinamiki ina kimoja. Itumieni ikiwepo, lakini kausheni kwanza, kwa sababu maji hujitokeza huko pia.

Treni mbili zilinipita siku hiyo.