Kibodi Isiyopiga Kelele

Mtu achezaye michezo ya kompyuta usiku, huku akiirusha mubashara kwa watazamaji wake, hana budi kutambua kwamba maikrofoni haibagui, bali huichukua sauti yake pamoja na kila mbisho wa vidole vyake. Kwa sababu hiyo yafaa asili ya kelele ijulikane kabla ya fedha kutolewa.

Chini ya kila kitufe cha kibodi ya kimakanika mna swichi yenye springi. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ambayo swichi zake za MX zimeigwa na wengi, huzitofautisha kwa rangi: ya buluu hulia kwa makusudi kila ibonyezwapo, na kwa mrusha matangazo hiyo ni adha tupu; nyekundu hushuka laini bila kizuizi, ikidai uzito wa takriban gramu 45, na hupokea amri baada ya milimita 2 tu katika mwendo wa milimita 4. Lakini hata hiyo hugonga ifikapo chini, na hugonga tena irudipo juu. Ndipo zikabuniwa swichi za kimya, zenye vipande vya mpira ndani viupokeavyo mshindo pande zote mbili. Pete za mpira ambazo watu wengi huvivisha vitufe huzuia mshindo wa chini peke yake.

Kinikerehacho mimi zaidi ni kitufe kirefu cha nafasi, maana waya wake wa kusawazisha hutatarika usipotiwa grisi.

Ama kuhusu raha ya mikono, kibodi fupi isiyo na safu ya tarakimu upande wa kulia hukipa kipanya nafasi, bega lisitanuke. Na miguu ya nyuma ya kibodi heri ikunjwe, vifundo vya mikono vipate kunyooka.