Mkato mmoja, kilo mbili tofauti Ziwa Mweru

NCHELENGE, Zambia — Mpaka wa Zambia na Kongo unapita ndani ya Ziwa Mweru, na pande hizo mbili haziandiki namba kwa namna moja. Nchelenge, penye desturi ya Kiingereza, samaki wa kilo 1,250 ni zaidi ya tani moja. Kilwa, ng'ambo ya Kongo penye desturi ya Kifaransa, mkato huo hutenga desimali: ni kilo moja na robo.

Faili la CSV hubeba maandishi matupu, hivyo kompyuta inayolipokea hulisoma kwa desturi yake. Miundo ya ODF na OOXML, iliyopitishwa na ISO mwaka 2006 na 2008, huhifadhi namba yenyewe. Mchuuzi anayetuma CSV aandike 1250, bila mkato.